Mji Niliokuandikia

Phoenix, Arizona
9 Juni

Kwa mdogo wangu Nereida,

Pokea salamu zangu, na za shemeji yako Duane, na za baba, ambaye wakati huu ninapoandika yuko sebuleni anasikiliza redio kwa sauti ya kupasua madirisha. Natumai karatasi hizi zitakukuta mzima, na kwamba ule mkono uliokuwa ukikuuma kwa kushika mkasi kutwa nzima umepata nafuu. Sisi huku tu wazima, ila joto ndilo linalotutesa. Jana lilifika nyuzi arobaini na nne, na mwezi haujafika hata nusu. Si unajua mwenyewe: usukani haushikiki mpaka uufunike taulo.

Utashangaa kuona barua ndefu hivi, na kwamba safari hii haikuanza kwa "Mwanangu mpendwa" kama zile ninazokuandikia kwa niaba ya baba. Hii ni yangu mwenyewe. Ivumilie mpaka mwisho, hata ukifika mahali utakapotaka kuichana.

Nianze na habari za mji, maana ndizo nilizokuzoesha. Kwenye kona yetu wamefungua duka jipya la dawa, linalotazamana na lile la zamani ng'ambo ya barabara, na hiyo ndiyo habari kubwa ya mwaka mtaani kwetu. Watu waliizungumza wiki mbili. Barabara yenyewe wameipanua tena, sasa ina njia nane, na taa ya wenda kwa miguu inakupa sekunde ishirini. Mzee akianza kuvuka Jumatatu, ng'ambo atafika Jumanne. Lakini nani anavuka? Asubuhi milango ya gereji inafunguka, magari yanatoka; jioni inafunguka, inayameza, inajifunga. Kati ya hapo humwoni binadamu. Kuta za nyua ni zile zile za rangi ya mchanga, na mbele ya kila nyumba changarawe ile ile. Ukiendesha saa nzima kwenda upande wowote utakaochagua, utafika mahali panapofanana na ulipotoka, na maduka yale yale matatu yanakusubiri. Duane bado anaendesha gari robo saa kwenda kutembea juu ya mashine, halafu anarudi kwa gari.

Haya yote nimekwisha kukuandikia mara nyingi, na hakuna hata moja la uongo. Nakuomba ulishike hilo, kwa sababu baadaye nitakuambia nililitumiaje.

Sasa kuna jambo lililotokea mwezi wa tatu. Baba alipotea. Usishtuke, alipatikana. Nilirudi kutoka dukani saa tatu asubuhi, nikakuta kiti chake ni kitupu, fimbo haipo, na kiti kimoja cha jikoni hakipo vilevile. Nilimpigia Duane kazini, tukagawana barabara, yeye kaskazini, mimi kusini. Mtu wa miaka themanini na moja, ambaye macho yake yana doa katikati ya kila anachokitazama, atakwenda wapi kwa miguu katika mji huu? Nilizunguka saa nzima na kiyoyozi kimewaka huku jasho likinitiririka. Duane ndiye aliyempata. Alikuwa kwenye maegesho ya lile jumba la maduka lililofungwa, lile ambako mama alikuwa akitununulia viatu vya shule. Alikuwa ameweka kiti kwenye kivuli cha ukuta, katikati ya uwanja wa lami unaoweza kubeba magari elfu mbili na usio na hata moja, ametulia kama anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Nilimfokea, sikufichi. Akaniambia kwamba amekaa miaka minne akitazama ukuta wa nyuma ya nyumba, na kwa kuwa haoni vizuri, hata huo ukuta wenyewe hauoni wote. Akasema alipokuwa kwenye kazi yake ya kugawa maji, akizunguka na kufungua malango ya mifereji ya mashamba, alimjua kila mtu mwenye mti na mbwa kuanzia mtoni mpaka mlimani, na sasa hamjui hata anayelala ng'ambo ya ukuta wake. Kesho yake akaenda tena. Kesho kutwa, tena.

Siku ya nne hakuwa peke yake. Mwanamke anayeishi ng'ambo ya ukuta wetu, Bi Halvorsen, alimwona akipita na kiti kichwani, akamfuata na cha kwake. Ni mjane, mwalimu mstaafu kutoka Minnesota. Ameishi hapo miaka tisa, Nereida, na mimi nilichokuwa nakijua juu yake ni rangi ya gari tu. Baadaye akaja Bwana Tsosie, Mnavajo, wa wenyeji wa asili wa huku, aliyekuwa mpima ardhi, na dhumna mfukoni. Ilipofika Pasaka walikuwa watu ishirini na zaidi, kila mmoja na kiti chake. Wanakutana saa kumi na mbili asubuhi na kutawanyika saa mbili na nusu kabla jua halijawa kali. Kuna anayeleta tamale, ile mikate ya mahindi iliyopikwa ndani ya majani, kuna anayeleta kahawa kwenye birika kubwa la kanisa, na kelele zao unazisikia tangu kwenye taa za barabarani. Bwana Tsosie akipiga dhumna mezani humwambia baba, "Mzee, wewe macho huna lakini wizi unauona vizuri sana!" Naye baba humjibu, "Na wewe ulipima jimbo zima, mbona bado unapotea ukienda chooni?" Basi watu wanacheka mpaka kahawa inamwagika.

Nilipokwenda mara ya kwanza nilisimama pembeni na mkoba wa dawa zake. Duane aliniambia, "Ofelia, siku nyingine njoo na kiti. Unasimama hapo kama askari wa maegesho." Watu wakacheka, hata mimi nikajilazimisha. Bi Halvorsen akanigeukia kwa uso wa ukarimu kabisa, akasema, "Ah! Kumbe wewe ndiye yule wa dawa." Nikamwambia mimi ni binti yake. Akasema anajua, anajua, halafu akaniuliza, "Na yule Nereida anakuja lini? Mzee wako hana wimbo mwingine."

Mdogo wangu, walikuwa wanakujua. Watu ambao hawajawahi kukutia machoni walikuwa wanajua kwamba ukicheka unashika mbavu, kwamba ulikataa kula mayai mpaka ukafika miaka kumi, kwamba saluni yako Chicago ilikuwa ghorofani juu ya duka la samaki na treni ikipita vioo vinatetemeka. Zaidi ya yote walikuwa wanaijua habari ya basi. Unaikumbuka, tulipoharibikiwa karibu na Flagstaff, wewe una miaka kumi na saba, ukatoa mkasi wa mama wa kushonea ukawanyoa abiria kumi na wanne kando ya barabara mpaka fundi akafika. Baba anaisimulia vizuri, anaigiza hata yule mchungaji mwenye kipara aliyetaka naye apunguzwe. Lakini kwenye basi lile na mimi nilikuwemo. Mimi ndiye niliyeshika kioo, saa nne nzima, mpaka mikono ikafa ganzi. Katika hadithi ya baba, kioo kilijishika chenyewe.

Nilirudi nyumbani nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Mimi ndiye ninayempeleka kwa daktari wa macho kila mwezi. Mimi ndiye ninayemkata kucha. Mimi ndiye niliyebaki mama alipofariki, na wewe ukaondoka kesho yake baada ya mazishi, ukisema mbele ya wageni kwamba ukikaa siku moja zaidi katika mji huu utageuka changarawe. Na bado, anayeng'aa uwanjani ni wewe. Nilikuonea wivu pale, mbele ya birika la kahawa, kama mtoto aliyenyimwa sehemu yake ya keki. Lakini ningekuwa nakudanganya tena nikisema ulianza siku hiyo.

Nimezunguka vya kutosha. Sasa lipokee.

Tangu macho ya baba yalipoharibika, barua zako nimekuwa nikimsomea mimi, na majibu yake nimekuwa nikiyaandika mimi. Simu haisikii, wewe unalijua hilo, kwa hiyo baina yenu palikuwa na mlango mmoja tu, na ufunguo ulikuwa mkononi mwangu. Mwanzoni nilifanya kidogo sana. Uliandika kwamba unakumbuka mikono yake ilivyokuwa ikinuka matope na machungwa alipotoka kazini. Nikaruka mstari huo. Sijui kwa nini. Nadhani ni kwa sababu mimi ninaishi na mikono hiyo na sijawahi kuwaza kusema hivyo. Alikuwa akitabasamu, na sikutaka atabasamu zaidi. Barua iliyofuata nikaruka mistari miwili.

Halafu ikaja ile ya Oktoba. Uliandika kwamba saluni imefungwa, kwamba wewe na Rolando mmeachana, kwamba unaamka asubuhi katika mji wenye kila kitu na huna pa kwenda. Uliuliza kama unaweza kurudi na kulala chumba cha nyuma mpaka utakapojipata. Nilikaa kwenye gari nikaisoma mara tatu. Kisha nikaingia ndani nikamsomea baba kwamba saluni imejaa wateja, kwamba wewe na Rolando mnafikiria kununua nyumba karibu na ziwa, na kwamba Krismasi hutaweza kuja. Akasema ni vizuri, mtoto akiwa na kazi ni vizuri. Akaniambia nikuandikie kwamba ukipata nafasi hata ya siku mbili, uje. "Mwambie aje," akasema, "kitanda kipo."

Unajua ulichokipokea wewe. "Mwanangu mpendwa, usije. Mji huu umekufa. Barabara zinapanuliwa na watu wanapungua. Hapa hakuna pa kwenda wala wa kumtembelea, kuna kuta na maduka ya dawa. Wewe hukuumbwa kwa maisha haya, yatakuua kwa uchovu. Baki huko kwenye mwanga." Sikumtungia baba neno hata moja la ukali. Sikuhitaji. Niliuchukua mji wetu kama ulivyo, nikauweka mlangoni ukuzuie. Uliandika tena mwezi wa kwanza, nikakujibu vilevile, nikaongeza habari ya njia nane. Zile mara mbili ulizopiga simu ukijaribu hivyo hivyo nikakuambia kwamba amelala, kumbe alikuwa jikoni anamenya machungwa.

Na mwezi wa tatu alipoanza kukaa uwanjani, na watu wakaja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaona mahali katika mji huu ambapo mtu angependa kuwapo, unajua niliwaza nini? Niliwaza kwamba Nereida asijue. Nikakuandikia kwamba jumba la maduka limefungwa na maegesho hayana hata gari moja. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Nitakueleza lilivyofichuka. Barua zako zote baba huzitunza mfukoni mwa shati ingawa hazisomi; anapenda tu kuzigusa. Mwezi uliopita, uwanjani, akamtolea Bi Halvorsen ile ya mwisho, akamwomba amsomee, apate kuwasikilizisha wenzake. Bi Halvorsen alianza kwa sauti kubwa ya darasani. Alipofika katikati ya ukurasa wa kwanza, sauti ikapungua, akamwomba baba wasogee pembeni. Kwa sababu pale uliandika, na mimi nayajua maneno yako kwa moyo: "Baba, nimekuuliza mara mbili na mara mbili umenifukuza. Hii ni ya tatu na ya mwisho. Kama nilikukosea kwa kuondoka baada ya mazishi ya mama, nisamehe. Sitauliza tena." Bi Halvorsen akazisoma zote zilizokuwa mfukoni, moja baada ya nyingine. Duane alikuwepo. Aliniambia baadaye kwamba mchezo wa dhumna ulisimama, na Bwana Tsosie akavua kofia.

Mimi sikuwa na habari. Jioni, baada ya kula, baba akaniita akanipa barua hiyo hiyo. Akasema, "Nisomee tena, mwanangu, nimesahau alichosema." Nikavaa miwani, nikakaa karibu naye, nikamsomea. Nikasoma kwamba unatusalimu, kwamba Chicago kumeanza kuchipua, kwamba una kazi nyingi. Nilisoma vizuri, hata nikaweka kicheko chako. Hakunikatiza. Nilipomaliza, akanyoosha mkono nikamrudishia, akaikunja taratibu akaitia mfukoni. Kisha akasema, "Bi Halvorsen anasoma polepole kuliko wewe. Lakini yeye anasoma yote."

Duane alisimama akatoka chumbani. Mimi nilibaki na miwani usoni.

Baba hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Kwa siku tisa dawa za macho alitiwa na Duane, na hospitali alipelekwa na Bwana Tsosie kwa gari lake bovu. Akipita karibu yangu alikuwa akinisalimu kama anavyomsalimu muuza duka. Siku ya kumi nilimfuata uwanjani, nikamwomba msamaha mbele ya watu wote, kwa sababu niliona kwamba wao nao niliwadanganya. Akaniuliza swali moja tu: "Nilikukosea nini, Ofelia?" Nikasema, na sauti ikanipasuka kama ya mtoto, "Hujawahi kunitaja." Akaonekana kushangaa kweli. Akasema, "Nikutaje kwa nani? Wewe si upo?"

Nimelifikiria jibu hilo kila siku. Wenzangu uwanjani wanasema ni jibu zuri. Bi Halvorsen alinishika bega akaniambia kwamba hayo ndiyo mapenzi. Huenda. Mimi halijanitosha bado, na nimechoka kusema kwamba kitu kimenitosha wakati hakijanitosha.

Alinitaka nikuandikie mwenyewe, kwa mkono wangu na jina langu, na nisiache kitu. Pia alisema kwamba kabla haijatiwa posta, atasomewa na Bi Halvorsen. Haniamini tena, na ana haki. Kwa hiyo haya yote ninayokuandikia wewe atayasikia naye, kesho asubuhi, kwenye kiti chake. Basi, baba, kwa kuwa najua unasikiliza, acha nikuambie hapa nilichoshindwa kukisema uso kwa uso: nami nahitaji kusimuliwa, hata nikiwa chumba cha pili. Siombi mengi. Mara moja moja tu. Bi Halvorsen, endelea.

Nereida, rudi nyumbani ukitaka kurudi. Chumba cha nyuma Duane amekipaka rangi, na kitanda ni kile kile. Njoo kabla ya Septemba, maana mwenye lile jumba ameweka bango: watalibomoa wajenge maghala ya watu kuhifadhia vitu wasivyovitumia. Wazee wameapa kwamba watahamishia viti mahali pengine, wanabishana wapi. Mji wenyewe haujabadilika, usije ukanilaumu. Utaendesha gari kwenda kununua kiberiti. Utachoka. Kuanzia saa tatu asubuhi mpaka jioni utautazama ukuta na utakumbuka nilichokuandikia.

Na usinitarajie niwe nimebadilika kama mtu aliyeoshwa. Utakapoingia uwanjani na wote wakasimama kukushangilia, nitaumia. Najua nitaumia. Nitakaa pale pale niumie, wala sitakwenda kuosha vyombo. Sikuombi unisamehe kwa barua, kwa kuwa barua mimi nimekwisha kuziharibia jina.

Wasalimie wanaokufahamu huko, hasa yule jirani yako anayekutunzia paka. Duane anakusalimu na anauliza kama bado unajua kunyoa, nywele zimemfika masikioni. Baba hajasema nikuandikie salamu zake. Amesema zake atakupa mwenyewe.

Niandikie siku ya basi lako. Nitakuja kukupokea kituoni peke yangu, bila Duane na bila baba, ili kama una la kuniambia, uniambie lote kabla hatujawasha gari.

Mimi dada yako,
Ofelia Bustamante